Meli ya Tarehe Saba Juni

Jumamosi, 7 Februari

Kamati ya ukoo imekaa leo kwa Shangazi Verdine. Kamati — neno kubwa kwa watu wanaobishana huku wakinyonya vichwa vya kamba wa mtoni. Meza imetandikwa magazeti, kamba wamemwagwa katikati, pilipili mpaka pua zinachuruzika. Shangazi kichwani mwa meza na daftari lake na kalamu tatu. Ndiye aliyemlea mume wangu Cordell tangu mama yake alipofariki, na ndiye anayeendesha kila mkutano wa ukoo wa Guillory. Mchungaji mwenyewe humwomba ruhusa ya kukohoa.

Habari ni hii: mwaka huu hatukutani bustanini. Tunapanda meli! Watu arobaini na mmoja, kutoka bandari ya Galveston, siku saba, Meksiko na kurudi. Mimi sijawahi kupanda chochote kinachoelea ila tairi la trekta.

Kazi ni kuchagua ipi. Mjomba Rayfield anataka yenye kasino. Wajukuu wanataka slaidi za maji. Bibi Zella — bibi yake Cordell, miaka tisini na mitatu, mkubwa wetu sote — anataka lifti isiyokwama na kamba aliyekwisha kumenywa. Mmoja anaogopa vyumba vya chini, mwingine anaogopa vya juu.

“Mnataka meli,” Mjomba Rayfield akauliza, “au ghorofa kumi na nne za malalamiko?”

Nikafungua mdomo niseme na mimi. Shangazi akainua kalamu. “Bi harusi, walioolewa humu hula, hawapigi kura. Sheria ya baba yangu hiyo.” Kwa utani, watu wakacheka. Lakini kalamu haikushuka mpaka nilipofunga mdomo.

Haya. Nimekula.

Sikununa. Wapange wapendavyo, mradi Aubriel wangu, mtoto wetu mchanga, atajwe. Kila mkutano, siku ya mwisho, wote tukiwa na tisheti za rangi moja, mkubwa wa ukoo humbeba mtoto mchanga kuliko wote, hulitaja jina lake kwa sauti, na ukoo mzima huliitikia. Kisha humwandika kwenye Biblia ya ukoo kwa mkono wake. Cordell alitajwa akiwa na wiki tano, mvua inanyesha. Asiyetajwa husubiri mkutano mwingine, miaka mitatu. Bibi Zella atakuwa na tisini na sita. Mungu ampe — lakini nani ana uhakika?

Jumapili, 8 Februari

Shangazi ametuma picha za meli mbili kwenye kundi la simu. Moja inaondoka tarehe 21 Juni, wikiendi ya Juneteenth, sikukuu ya watumwa kuachwa huru, siku zetu tangu zamani. Ina slaidi moja, nyembamba kama mrija. Nyingine inaondoka tarehe 7. Mpya, slaidi nne, kasino kubwa kama uwanja wa ndege. “Wenye damu, bofyeni kabla ya Jumanne.”

Cordell yuko kiwandani, wanasafisha mitambo, zamu ya saa kumi na mbili nzima. Ataangalia wakati wa mapumziko, anasema.

Jumatano, 11 Februari

Kura zimetoka. Tarehe 7, kura kumi na tisa. Tarehe 21, kumi na nane. Shangazi ameandika, “Ukoo umesema.” Ukoo umesema kwa kura moja!

Mimi sina neno. Nimemnunulia Aubriel kofia ya jua yenye masikio ya dubu. Nimemvalisha ndani ya nyumba, Februari, mvua nje. Ametabasamu kwa fizi tupu. Mwanangu ataiona bahari nzima kabla hajaota jino!

Alhamisi, 12 Februari

Niandike taratibu.

Bi Petteway, wakala wa safari, yule anayesali kanisani kwetu, amenipigia asubuhi. Ameona fomu yetu. “Binti, mtoto wako amezaliwa lini?” Nikamwambia, tarehe 16 Desemba. Akasema meli haipokei mtoto ambaye hajatimiza miezi sita siku ya kupanda. Hakuna daktari wa watoto baharini, ndiyo maana. Hakuna barua wala ombi litakalosaidia.

Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni. Nimehesabu tena kwa vidole. Sikumaliza shule, lakini siku najua kuzihesabu. Atatimiza miezi sita tarehe 16 Juni. Meli inaondoka tarehe 7.

Siku tisa!

Na ile ya tarehe 21 — angeingia akipunga mkono. Siku tano zingebaki juu.

Nimempigia Shangazi Verdine, sauti ya chini, adabu zote. Nilijua atashtuka. Hakushtuka! “Aa, watoto wachanga wana sheria zao, nilisikia kitu kama hicho.” Alisikia! “Basi si umwache kwa mama yako Port Arthur? Wiki moja tu.”

“Shangazi, ananyonya.”

“Sisi tuliwaacha wa wiki sita tukarudi kazini, mwanangu. Hakuna aliyekufa.”

“Na kutajwa?”

“Mkutano upo kila baada ya miaka mitatu.”

Akanikatia. Ati kuna mtu mlangoni. Mtu gani, mvua ile? Mbwa wake hata hakubweka.

Ijumaa, 13 Februari

Marvelle, binti wa Shangazi, kaniletea ushauri wake. “Shoga, andika amezaliwa tarehe 6. Sita na kumi na sita, nani ataangalia?”

Nikamwambia wanataka cheti cha kuzaliwa.

“Cheti kinaweza kupata chai.”

Yaani nikimwagie chai cheti cha mwanangu! Nimwibie siku yake ya kuzaliwa ili Marvelle ateleze slaidi nne! Saa kumi na moja za uchungu, nasikia kila dakika mpaka leo — hiyo ni tarehe 16. Haiguswi.

Nimemshukuru kwa kuja. Nimemfungulia mlango mwenyewe.

Jumamosi, 14 Februari

Cordell amekuja na maua na boksi la chokoleti. Ameshika maua kama mtu aliyebeba kesi. Nikajua kuna kitu.

“Ile kura,” akasema.

“Ile kura nini?”

“Nilibofya tarehe saba.”

Nikakaa chini.

“Nilikuwa na dakika nne. Glavu mkononi. Nikaona slaidi... nikasema kwa Aubriel itakuwa nzuri.”

“Aubriel hajui kukaa, Cordell! Atatelezaje?”

Kumi na tisa kwa kumi na nane. Kura moja. Na kura yenyewe imelala upande wa kushoto wa kitanda changu!

Nikamwambia, mpigie Shangazi, badilisha. Akaangalia viatu vyake. Ameyeyusha chuma, amening'inia futi mia mbili juu ya tangi akiimba. Lakini kumpigia Shangazi Verdine — hawezi. “Alinilipia shule, mpenzi. Alinishonea suti ya kumzikia mama.”

Najua. Ndiyo maana sikumrushia boksi. Nimekula chokoleti zote za karanga, nikamwachia za krimu, asizozipenda.

Alhamisi, 19 Februari

Kwenye kundi la simu wanachagua rangi ya tisheti. Zambarau au kijani. Meseji sitini na mbili! Ya mtoto wangu, hakuna hata moja. Mjomba Rayfield tu kaniandikia pembeni: “Pole, binti. Lakini ile nyingine kasino yake ina mashine kumi na mbili tu.”

Jumapili, 22 Februari

Baada ya ibada nimempeleka Aubriel kwa Bibi Zella, mimi na yeye tu. Nilikwenda na hasira zangu zimefungwa vizuri, tayari kuzimwaga. Nilidhani Bibi hajui. Akijua tu, atampigia Verdine simu na mambo yatakwisha.

Alikuwa kitini, anatazama kipindi cha mashindano, anawatukana washindani. Nikamweka Aubriel mapajani mwake. Akamnusa kichwa, muda mrefu. Nikamwambia yote. Siku tisa, meli, kura.

Akasema, “Tarehe saba nilitaka mimi.”

Sikuelewa.

“Verdine aliniuliza, mama, Juneteenth kama kawaida? Nikamwambia, mapema zaidi hakuna? Akatafuta.” Alikuwa bado anamtazama Aubriel. “Wewe kijana, wiki mbili kwako ni kitu gani. Mimi daktari huniambia rudi mwezi ujao, nacheka.”

“Na mtoto, Bibi?”

“Nilidhani kakua. Watoto wa siku hizi wote wakubwa, wanakula nini sijui.”

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Vidole vyake vimepinda, lakini alimshika kwa nguvu sana. Mimi nimerudi nyumbani nikiwa nimekasirika zaidi kuliko nilivyokwenda — na sina wa kumkasirikia! Hilo ndilo linaloniuma. Umkasirikie mtu kwa sababu anaogopa kufa kabla ya sikukuu?

Labda nimwachie tu Bibi... hapana. Nina haki. Mwanangu pia zamu yake ni mwaka huu.

Ijumaa, 27 Februari

Kesho kamati tena. Majina yote yanapelekwa kwa Bi Petteway Jumatatu, baada ya hapo hakuna kubadilisha meli. Cordell ameahidi atasema. Amefanya mazoezi jikoni, mbele ya friji. “Shangazi, kwa heshima zote...” Anaishia hapo kila mara. Nimemwambia friji imekubali, bado Shangazi.

Bado natumaini. Mjinga mimi, lakini bado.

Jumamosi, 28 Februari

Niko ndani ya gari, uani kwa Shangazi Verdine. Aubriel ananyonya, daftari liko gotini, mwandiko unakwenda upande. Milango nimeifunga.

Ilikuwa hivi. Shangazi alisoma majina. Arobaini. Jina la Cordell limo, langu limo. La Aubriel akaliruka kama dimbwi. Nikamtazama Cordell. Akasimama — alisimama kweli! — “Shangazi, kwa heshima zote...”

“Nakusikiliza, mwanangu.” Sauti tamu, ile ya kumlaza mtoto.

Akasema, “Nataka kubadilisha kura yangu.”

Nyumba nzima ikaacha kutafuna. Mjomba Rayfield akasema, “Lo, kasino yangu.” Marvelle akasema kura ni kura, hairudishwi kama viatu. Mwingine akasema likizo kazini ameshaomba. Wote kwa pamoja. Bibi Zella anaangalia mikono yake.

Basi nikasimama na mimi. Mla asiyepiga kura! Nikasema, “Mimi sina damu yenu, sawa. Huyu anayo. Mmesoma majina arobaini, wa arobaini na moja yuko begani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Chagueni meli mnayotaka. Lakini msiniambie ukoo umesema. Slaidi ndiyo iliyosema!”

Nikatoka. Nikaja huku garini.

Sasa mlango umefunguliwa. Wanatoka. Wengi. Cordell anasukuma kiti cha Bibi Zella, magurudumu yanazama kwenye majani. Shangazi Verdine yuko mbele. Amebeba ile Biblia. Kalamu sikioni.

Anagonga kioo. Nimekishusha kidogo, kama upana wa kidole.

“Tumepata njia,” anasema. Anahema. Macho yake mekundu, sijawahi kuyaona hivyo. “Atajwe leo. Hapa, sasa hivi. Mama yuko, Biblia ipo, watu ishirini na kitu tupo. Kila mtu apate chake.”

Kila mtu apate chake! Yaani atajwe uani, kati ya mapipa na gari, nusu ya ukoo haipo, mdomo una maziwa — ili waondoke tarehe saba na roho safi. Nimemwangalia Cordell. Anatikisa kichwa, hapana, polepole, nyuma ya mgongo wa Shangazi. Halafu anamtazama Bibi, na kichwa kinasimama.

Kwa sababu Bibi Zella amevua glavu zake. Baridi hii. Amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kioo, na hamtazami mtu yeyote isipokuwa Aubriel.

“Lete, binti,” anasema. “Mimi sijui ya Juni.”

Mwanangu ameachia ziwa. Amegeuza kichwa kwenye sauti.

Mkono wangu wa kushoto uko kwenye kitasa. Shangazi amefungua Biblia juu ya boneti ya gari, anatafuta ukurasa, upepo unampindulia, anarudi mwanzo, unampindulia tena —