Aliyekuitia Mwizi Kaja Jadida

Kaka Kombo,

Yule mwanamke aliyekuitia mwizi kaja kwetu Jadida jana. Sheha wa mtaa ndiye aliyemleta. Kaketi juu ya jamvi letu, mama kampa maji, na kanywa! Mimi niko pembeni namenya muhogo, kisu mkononi.

Tangu ufe, nyumba hii haina raha. Mama hali akashiba. Mimi nagombana na kila mtu. Wapo waliosema, "Kombo naye, kenda Dar kuiba." Mmoja nilimpasua mdomo kwa ndoo pale bombani, na akirudia nitarudia.

Basi mgeni akaanza kueleza huku analia. Kijana alimkwapulia begi nje ya stesheni ya treni, kwenye vurugu za ile mitaa ya zamani. Yeye alipomfuata ndani akakuona wewe umelipakata. Kumbe, alikuja kuambiwa baadaye, yule kijana alikupa umshikie, akajifanya anakwenda kukata tiketi, nawe ukapokea. Ungekataaje? Huku kwetu mtu humpakatisha mgeni mtoto wake akaenda zake dukani, wala hana haraka. Ulidhani na kule ni hivyo hivyo, kaka yangu wee!

Anasema watu walikwambia uliachie. Ungeliachia, pengine ungepona na makofi mawili matatu. Wewe ukalikumbatia. "La watu hili, mwenyewe yuaja." Wakaicheka lafudhi yako, kisha wakakupiga. Kwa chuma. Kwa matofali. Mtu alikurukia kifuani na viatu vyake. Ami Faki, aliyekuosha, hajatwambia alichokiona, lakini mpaka leo hali nyama.

"Nilimwona kalishika tu," akasema yule mwanamke, "na mimi bado napiga kelele."

Hapo nikamrukia. Kisu nilikitupa, alhamdulillahi, lakini shingo yake niliikamata kwa mikono miwili nikaikaza mpaka macho yakamtoka. Hakujitetea. Sheha alinivuta, wapi! Mama alinipiga mwiko wa kichwa hadi ukavunjika, ndipo nikaachia.

Mama kamsamehe. Kamshika mikono, kalia naye. Kisha akanigeukia: "Na wewe sema." Nikasema nimesamehe.

Uongo, Kaka. Nilisema kwa ajili ya mama. Usiku kucha vidole vyangu vilikuwa vinaitaka ile shingo. Na wewe pia nimekukasirikia, kwa sababu nakujua: ungekuwa hai, ungemsindikiza mpaka bandarini na mzigo wake ungembebea wewe. Kwa nini hukuliachia? Begi tu! Begi la mtu usiyemjua!

Mola akupanulie hapo ulipo, Kaka yangu. Mama nitamtunza. Na yule mwanamke sitomfuata, nakuahidi. Kumsamehe sikuahidi.

Dada yako,
Asha