Saruji ya Akina Mama wa Kisesa

Jumamosi, 10 Novemba 1962

Nimerudi kutoka Kisesa, vumbi hadi kwenye kope. Sijaoga. Niandike kwanza, hasira isije ikapoa.

Nyumba ya uzazi tuliyowaahidi: kuta zimefika kiunoni, basi. Ndani wamelala mbuzi. Mwezi wa saba nilisimama pale pale nikaweka jiwe la msingi, kina mama wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaniuma. Matofali walifyatua wenyewe. Walitoa pamba ya mashamba yao, serikali ikaongezea, saruji ikanunuliwa, ikawekwa ghalani. Sasa ghala tupu – ukisema neno, sauti yako inakurudia.

Aliyenipokea ni Mama Ng'washi, kiongozi wao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikajua kuna jambo. Kumbe binti yake, Kija, alishikwa na uchungu mwezi uliopita, mtoto akakaa vibaya. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumleta hospitali Mwanza. Hakufika. Alikata roho njiani, Igoma, mtoto bado tumboni.

Mama Ng'washi hakulia mbele yangu. Aliuliza tu: "Mbunge, simenti yetu iko wapi?"

Sikujua! Mbunge mzima, sijui. Nikamwambia nitaitafuta. Akasema itafute basi, akachukua jembe lake akaenda shambani.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeipata.

Iko ufukweni, hapa hapa mjini, nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Imegeuka jukwaa. Tarehe tisa mwezi ujao nchi inakuwa Jamhuri, na Kamati ya Sherehe imeamua wageni wetu wasikae kwenye viti vya mbao kama watu wengine. Kuna nguzo nane za duara. Kuna ngazi pana kama za kanisa kuu. Kuna hata bomba la kurusha maji juu, yadondoke kwenye bakuli la saruji! Maji ya kuchezea – na huko Mkolani wanawake wanaamka na ndoo alfajiri.

Mkandarasi ni nani? Mdogo wangu Bilali. Alikuwa juu ya kiunzi, anapiga mluzi. Chini yake vijana walikuwa wanavunja ngazi kwa nyundo. Ngazi mpya! Nikauliza zina kosa gani. Bilali akashuka anacheka: zilielekezwa magharibi, wageni wangepigwa na jua la jioni machoni, kamati imesema zigeuzwe. Na nguzo mbili za mwisho nazo zitavunjwa, hazilingani na za mbele.

"Saruji ya kugeuzia inatoka wapi, Bilali?"

"Dada, mimi ni fundi. Lori linaleta, nachanganya."

Mifuko iliyobaki nimeiona kwa macho yangu chini ya turubai. Imepigwa alama ya Kisesa ubavuni kwa rangi nyekundu. Hata kuifuta hawakujisumbua.

Jumanne, 13 Novemba

Nimekwenda kwa Bwana Chenge, mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe. Chenge huyu namjua. Tulitembea pamoja vijijini enzi za Mwingereza, tukilala kwenye magunia ya pamba, tukikimbia polisi. Sasa ana meza ambayo watu wawili hawawezi kushikana mikono juu yake.

Alinipa chai. Akasema saruji imeazimwa tu, Kisesa watapata yao kwenye plani ya mwaka kesho.

"Mimba haingoji plani," nikamwambia.

Akashusha sauti. Akasema magazeti ya nje yatakuja siku ile, wale waliosema hatuwezi kujitawala watakuja na miwani yao kutafuta kasoro. "Unataka watucheke, Mwanabaraka?"

Nikamkumbusha lile josho la ng'ombe walilojenga Waingereza mahali pasipo na maji. Nilisimama kwenye Baraza lao la kutunga sheria, mwanamke peke yangu, nikasema hiki ni kichekesho kilichojengwa kwa kodi ya wachunga ng'ombe. Nani aliyepiga makofi kuliko wote pale nje? Chenge!

"Ile ilikuwa serikali yao," akasema.

"Na hii ni yetu. Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Nikaacha chai kikombeni. Nimesema swali hili nalipeleka Bungeni. Akasema nifikiri vizuri. Nimeshafikiri!

Alhamisi, 15 Novemba

Habari imezunguka. Leo sokoni watu wawili wamenigeuzia mgongo. Mmoja wao nilimzalishia mke wake mimi mwenyewe, nilipokuwa mkunga.

Wazee wa chama wameniita. Wameniweka kwenye kiti katikati kama mwari. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba mtoto hasemi uchafu wa nyumbani mbele ya wageni. Nikajibu kwamba uchafu huo uko ufukweni, una nguzo nane, wageni wataukalia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akakohoa haraka kuficha.

Wanataka niombe radhi kwa maandishi. Siombi.

Naandika hotuba ya Bungeni. Nimekwama kwenye neno "ubadhirifu". Watu wakilisikia wanamtafuta mwizi, na Chenge si mwizi – hajapeleka hata mfuko mmoja nyumbani kwake. Hilo ndilo linalonitisha! Mwizi anajua ameiba, atajificha. Huyu anaamini ametutumikia. Atavunja ngazi mara tatu kwa moyo mweupe kabisa, na kila mara ataandika ripoti kwamba kazi inaendelea. Serikali inayojengwa hivyo itakuwa na mbele nzuri sana, na nyuma yake watu wanakufa njiani.

Hii nitaisema hivi hivi. Nisiipambe.

Mume wangu, Yunus, alikuwa anapima kitambaa cha mteja, ananisikiliza nikisoma. Akasema: "Utapoteza kiti." Nikamwuliza yeye anaonaje. Akakata kitambaa mpaka mwisho kwanza. "Naona ni kweli," akasema. "Na utapoteza kiti."

Jumapili, 18 Novemba

Bilali alikuja kula mchana. Nilipika sato kwa nazi, anavyopenda. Hakumaliza sahani.

Amesema nikisimamisha kazi, vijana wake wote wanarudi nyumbani mikono mitupu. Amesema ni mara ya kwanza fundi Mwafrika kupewa jengo la serikali Mwanza hii, mpaka jana wakipewa wengine tu, na anayemharibia si Mzungu, ni dada yake wa tumbo moja.

Hilo limenichoma. Ana haki yake. Nikasema: jenga nyumba ya uzazi, nayo ni jengo la serikali. Akasema hakuna mtu atakayepita Kisesa kuitazama.

"Kija angeitazama," nikasema.

Akauliza Kija ni nani. Kumbe hakuambiwa! Nikamweleza: mkokoteni, Igoma, yote. Akawa anachambua miba ya samaki asiyemla. Halafu akavaa kofia akaondoka bila kumuaga hata Yunus.

Jumatano, 21 Novemba

Bahasha kutoka kwa Chenge, imeletwa kwa gari. Nimewekwa kwenye ratiba! Nitakaa safu ya mbele jukwaani, nihutubie kwa niaba ya akina mama wote wa Ziwa. Chini ameongeza kwa mkono wake: tusahau yaliyopita.

Nikajiona nimesimama pale, gauni jipya, ziwa nyuma yangu. Nilipenda – kwa muda wa kusoma barua mara mbili nilipenda sana. Halafu nikajiona natazama chini, na Mama Ng'washi yuko pale chini, ananiangalia kama alivyoniangalia siku ile, yaani haniangalii.

Jibu la Bunge nalo limekuja kutoka Dar: swali langu halitaingia kikao hiki, nafasi imejaa. Imejaa! Mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa kwa tabasamu. Hawanijui.

Kesho naenda Kisesa.

Alhamisi, 22 Novemba

Nimewaambia kina mama kila kitu, hata ile barua. Nilitegemea kelele. Mama Ng'washi akauliza tu jukwaa hilo linaingia watu wangapi. Nikasema wengi. Akasema basi tutatosha.

Jumamosi, 24 Novemba

Naandika nimeegemea nguzo ya jukwaa, penseli fupi. Chini askari wananitazama, wanadhani naandika majina yao. Wadhani hivyo hivyo.

Wamekuja asubuhi kwa lori la pamba, wamejaa mpaka juu. Hakuna aliyepiga kelele. Walipanda ngazi wakakaa, safu kwa safu, watoto mapajani. Mama Ng'washi amekaa mbele kabisa, pale patakapowekwa kiti cha mgeni rasmi. Wamesema hawashuki mpaka mifuko iliyobaki ipakiwe kwenye lori lao. Wanaimba Kisukuma, wimbo wa palizi, polepole.

Chenge alifika saa nne na askari. Alimwita Bilali, akamwambia atumie vijana wake kuwateremsha hawa wanawake, kazi iendelee. Wote tukamtazama Bilali. Alikuwa ameshika pima maji yake ya kupimia usawa wa ukuta, anaigeuzageuza.

"Mzee, mimi ni mjenzi," akasema. "Kuteremsha watu sijasomea."

Akaenda kukaa juu ya mifuko, kwenye turubai. Hakunitazama. Vijana wake nao wakaacha makoleo. Sijui kesho watakula nini. Naye hajui.

Sasa hivi Chenge amepanda mpaka kwangu. Jasho linamtiririka, shati limemganda. Ameongea kwa sauti ya zamani, ile ya kwenye magunia. "Mwanabaraka, dada yangu. Shuka wewe tu. Ukishuka mwenyewe, jina lako linabaki kwenye ratiba, na hawa hakuna atakayewagusa. Ukibaki, nitaandika kwamba umewachochea. Sitakuwa na njia."

Nikamwambia: "Andika. Anza na alama nyekundu kwenye mifuko."

Amenitazama kidogo. Ameshuka. Anaongea na askari, anaonyesha kidole ngazi ya kushoto, halafu ya kulia.

Wimbo umekatika. Mama Ng'washi amegeuka, na leo amenitazama usoni. Amesogea pembeni, amepiga saruji kwa kiganja mara mbili: kaa hapa.

Naenda kukaa. Askari wameanza kupanda ngazi.