Chupa ya Kinya ya Saa Nne

Jumatatu, 22 Septemba

Kosa la watu wengi kuhusu mwanafunzi wangu Kinya ni kudhani anakunywa chupa yake darasani kwa sababu ana njaa. Hana njaa. Nimewaeleza hivyo walimu wawili leo, chai mkononi, na nikajisikia vizuri kueleza. Ini la mtu huweka akiba ya sukari, kisha huitoa polepole asipokula. La Kinya huweka, halitoi. Alizaliwa hivyo. Ghala limejaa mahindi, ufunguo hakuna. Ndiyo maana hunywa wanga mbichi wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi: alfajiri nyumbani, saa nne darasani, saa nane tena. Haupikwi, haurukwi.

Saa nne amekunywa. Insha za Gredi ya Tisa zimesahihishwa.

Jumatano, 24 Septemba

Mutwiri, mwanafunzi mwenzake, darasani: "Bebi apewe chupa, asilie!" Wakacheka. Kinya akamjibu, "Ungepewa wewe, labda ungepita hesabu." Nikacheka pia. Baadaye nikamwona akinywa ameinama chini ya deski. Nikageukia ubao.

Barua ya kliniki aliyoniletea mama yake Januari, niwasomee walimu wote, bado iko kwenye droo yangu. Naona maelezo yangu yanatosha.

Alhamisi, 25 Septemba

Kesho maombi ya watahiniwa. Kila mwaka tunafunga hadi saa saba, wanafunzi na walimu. Mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo mimi ndiye msimamizi. Vyakula vyote vitakaa kwenye beseni ofisini, mtu asijaribiwe.

Ijumaa, 26 Septemba

Kinya ameanguka. Chupa niliichukua mimi.

Jumamosi, 27 Septemba

Niandike yote bila kujipamba.

Jana Kinya alifika mlangoni, nilipokuwa nakusanya vyakula, ameishika chupa. "Mwalimu, hii si chakula." Nyuma yake wazazi wamepanga foleni, mchungaji anatazama. Nilijua anasema kweli. Nilijua kuliko mtu yeyote pale. Nikamwambia, "Leo ni siku ya wote, binti yangu. Saa chache tu." Niliona haya kumtofautisha mbele ya wageni. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Saa tano, tumesimama tunaimba, akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Mama mmoja akapaza sauti, "Roho amemshukia!" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mara mbili au tatu, kabla akili haijarudi. Rafiki yake Gatwiri ndiye aliyepiga kelele: "Si Roho, ni sukari! Chupa yake iko wapi?"

Ilipoletwa, Kinya hakuweza kumeza. Tukambeba hadi zahanati, akatundikiwa maji ya sukari. Kisha hospitali, mjini Meru.

Mwalimu mkuu aliniuliza chupa ilifikaje kwenye beseni. Nikasema, "Labda ilichanganyika na zingine." Miaka yote hii nawafundisha watoto wa watu wasiseme uongo.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda hospitali. Kinya ameketi, anazungumza. Mama yake hajafungua kibanda chake cha viazi katika soko la Gakoromone tangu Ijumaa. Hakunipa mkono.

"Mwalimu, nilikuletea barua. Ukaniambia, tulia mama, nimeelewa."

"Ndiyo."

"Nani mwingine ameisoma?"

"Hakuna."

"Basi atakaa nyumbani. Mtihani utapita, lakini mtoto nitakuwa naye."

Kinya alikuwa anaangalia shuka. "Ningekataa, Mwalimu, ungesema sina heshima."

Kweli. Ningesema.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimesimama mbele ya mwalimu mkuu na walimu wote. Nimesema: niliichukua kwa mkono wangu, kisha nikadanganya. Halafu nikasoma barua. Ina kurasa mbili. Ule wa pili sikuwahi kuugeuza. Umeandikwa asifunge kamwe, hata kwa ibada. Zimetajwa dalili: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa.

Mwalimu mkuu hakunikemea. Aliangalia dirishani. Afadhali angenikemea.

Jioni nilimpelekea Mama Kinya nakala, walimu wote wametia sahihi. Akapitia jina kwa jina. "Alhamisi nitamleta. Lakini nitakaa pale nje mpaka anywe."

Alhamisi, 2 Oktoba

Mama Kinya alikaa kwenye benchi nje ya darasa, koti amelifunga hadi shingoni. Saa nne nikaacha kufundisha. Kinya akaiweka chupa juu ya deski. Mutwiri akasema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, "Kunywa basi, insha inangoja." Akanywa yote.

Mama yake akaenda sokoni bila kuniaga. Ni haki yake.

Ijumaa, 3 Oktoba

Ukungu hadi mlangoni. Nimeamka mapema, nimekunywa chai, ng'ombe amekamuliwa.

Leo anakuja kijana wa mazoezi ya ualimu, kutoka chuo cha Nchiru. Hamjui Kinya. Kipindi chake cha kwanza na Gredi ya Tisa kitaangukia saa nne. Nilitaka kumweleza tukiwa njiani kwenda darasani. Hapana, nimejiambia. Usimweleze. Mpe barua aisome mwenyewe, kurasa zote mbili, kabla hajashika chaki.