Anua Dagaa

Mama, shikamoo.

Nimefika Bergen salama. Maji hayo kwenye picha ya kadi hii nayapita kila siku nikienda kazini.

Wiki tatu zote nyumbani Mwanza ulininywesha chai kwa vikombe vya kabatini, vile vya wageni. Nikishika ufagio unaninyang'anya: "Pumzika, umetoka mbali." Sikukwambia, ila iliniuma. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata mwiko hukunipa.

Mpaka asubuhi ile ya kuondoka. Nimekaa kibarazani na simu yangu, wingu jeusi likaja kutoka ziwani, na dagaa wako umewaanika uani. Ukapaza sauti kutoka jikoni: "We Neema, umekaa tu na mvua hiyo inakuja? Anua dagaa! Mvivu mkubwa wewe!" Nikakimbia na viatu vyangu vya safari, naanua huku nacheka.

Jana mvua ilipiga dirisha langu huku. Niliinuka mbio mpaka mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba sina cha kuanua.

Mungu akutunzie hayo magoti yanayokusumbua, mama yangu. Ukinipigia simu, usianze kuniuliza kama nimekula. Nigombeze kwanza.

Mwanao, Neema