Nilitembea Siku ya Ville Morte

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimetembea. Nyumbani hadi bustani ya mji, kuzunguka mara moja, kukaa kidogo kwenye benchi la simenti linalotazama ziwa, kurudi. Mvua ilikuwa imeosha anga. Mlima Kahuzi ulionekana wote, hata mikunjo yake. Dokta aliniambia: dawa za tansio, yaani presha ya damu, hazifiki tena, barabara zimefungwa kwa vita, basi dawa yako ni miguu. Kila siku, bila kuruka. Mama Neema anasema dokta huyo ndiye mtu pekee duniani ninayemtii. Mke wangu hajakosea.

Habari imepita mdomo kwa mdomo: Jumatano ni ville morte. Hakuna duka, hakuna shule, hakuna kutoka nje. Mji mzima ujifanye maiti, ili hawa askari waliotuingilia wajue hatuwataki. Papa Bahati, jirani yetu na kiongozi wa shirika letu la sala, amepita nyumba kwa nyumba hapa Nyalukemba akitukumbusha. Nimemwambia tuko pamoja. Kweli tuko pamoja. Askari hao siwapendi hata kidogo.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimetembea. Mama Neema alisimama mlangoni kunizuia. Nikamwambia siendi kununua, siendi kuuza, siendi kazini. Bustani si duka. Maisha yangu yote nimefundisha, hoja hazijawahi kunipungukia.

Njiani hakuna mtu. Upande wa soko la Nyawera, kimya. Bustanini peke yangu. Nikafurahi, nasema kweli. Mlima wangu, ziwa langu, benchi langu.

Kisha jeep mbili za askari. Komanda wao, wageni kutoka nje, na mtu mwenye kamera ya filamu na kinasa sauti. Komanda akanyoosha mkono. Mkono ukitolewa unapokewa, ndivyo nilivyolelewa.

"Mzee, unapunga hewa?"

"Ndiyo, komanda. Hewa iko muzuri leo."

Akacheka, wageni nao wakacheka. Mtu wa kamera akazunguka ili mlima uonekane nyuma yangu. Wakaondoka. Mama Neema sijamwambia.

Alhamisi, 7 Oktoba

Niko redioni. Mimi! Redio yao, saa ya habari: ville morte imeshindwa, mji una amani, wakaaji wanatembea bustanini na kusalimiana na askari. Kisha sauti yangu mwenyewe. Hewa iko muzuri leo. Mama Neema akazima redio, akaenda jikoni.

Siamini. Nilikuwa natembea tu.

Jumapili, 10 Oktoba

Misa. Wakati wa kupeana amani nikamgeukia Papa Bahati, kama kila Jumapili. Aliingiza mikono mifukoni. Hakuangalia pembeni, aliniangalia machoni kabisa, na mikono ikabaki humo. Nikabaki nimenyoosha wangu kama mpumbavu. Mtoto wake Bahati, baba yake wa ubatizo ni mimi! Nina aibu. Nina hasira. Hasira imezidi.

Jumanne, 12 Oktoba

Sokoni Nyawera wamekataa kumuuzia Mama Neema sambaza, vile visamaki vya ziwani. "Uende ununue kwa komanda." Akarudi na kikapu kitupu, tukala sombe, majani ya muhogo, bila kitu.

Nikamwambia nitazunguka mtaani nieleze. "Ueleze nini? Ulitembea."

Leo nimefika geti la bustani, nikarudi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi askari waliingia mtaani, mlango kwa mlango. Vaeni nguo za Jumapili. Wote. Tukasukumwa hadi bustanini. Wageni wengine wanakuja, kwa hiyo mji lazima utembee. Askari mmoja alipita akitufundisha: "Mutembee polepole. Muangalie mulima. Mucheke kidogo." Hivyo hivyo! Watu wazima, wamama katika vitenge vya sikukuu, tunazunguka nyasi, na bunduki ziko nyuma ya miti. Hakuna aliyeangalia mlima.

Nikamwona Papa Bahati katika suti yake ya kahawia, anatembea. Nilifurahi. Acha niandike wazi: nilifurahi sana. Moyoni nikasema, sasa na wewe umetembea.

Tukakutana uso kwa uso. Akasimama. Kisha akakaa chini, kwenye nyasi mbichi, na suti yake, akaupa mlima mgongo. Askari akamwamuru ainuke.

"Miye leo sitembei," akasema, kwa sauti ya kawaida tu.

Wakampiga kwa kitako cha bunduki. Wakamtupa ndani ya jeep. Ilikuwa imeshaondoka wageni walipofika.

Na sisi tukaendelea kutembea. Mimi nilitembea. Miguu ilikwenda yenyewe, na nadhani nilicheka kidogo, kama tulivyoambiwa.

Ijumaa, 15 Oktoba

Maman Bahati, mke wa Papa Bahati, amekuja. Tangu ile habari ya redio hakuwa amekanyaga hapa. Alikataa kiti.

"Mwalimu, weye banakujua. Komanda alikupa mukono. Uende utuombee."

Hakuwa ananisuta. Aliniomba kwa macho mekundu. Anaamini kweli kwamba mimi ni mtu wao. Nilishtuka kuliko siku ya redio. Nilitaka kumwambia simjui huyo komanda. Nikavaa viatu.

Komanda anakaa ng'ambo ya bustani, karibu na ziwa. Waliniweka uani juani, mchana kutwa. Alipotoka nikavua kofia. Nikasema ni mimi, yule mzee wa bustani. Akamgeukia mlinzi.

"Huyu ni nani?"

Nikajieleza tena. Hapo nikasema hata yale maneno, hewa iko muzuri leo, kwa sauti ile ile, labda atakumbuka. Nilijisikia nikiyasema. Akaingia garini, mlinzi akanionyesha geti.

Jumapili, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda misa.

Ijumaa Maman Bahati alinisubiri mlangoni kwangu. Nikamwambia komanda hanijui, ameuliza mimi ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kitenge vizuri. "Sawa, Mwalimu. Nimesikia." Hakuamini. Kwake yeye, nilikuwa na mlango wazi nikakataa kuingia. Nitasema nini zaidi? Hakuna kitu cha kumwonyesha.

Papa Bahati hajarudi. Hakuna anayejua yuko wapi.

Mchana Mama Neema aliwapelekea watoto wa Papa Bahati ugali na maharagwe, sahani kubwa, akaiacha kizingitini. Imerudi imefunikwa vile vile. Ameiweka mezani. Tumekula sisi wawili.