Joto Chini ya Majani ya Mgomba

Koku mjukuu wangu,

Hapa Kanazi tunaendelea, ila babu yako anasumbuliwa na miguu, nami nimechoka. Umeuliza kama kweli chachu huishi bila hewa. Huishi; mimi nakumbuka lubisi, pombe ya ndizi, ya harusi yangu. Mvua zilileta baridi, pombe ikatulia bila povu mtumbwini, lile gogo lililochongwa la kuchachushia.

Baba akasema, "Imekufa. Tuimwage."

Mama alikuwa ametoka kumzika kaka yangu. Akapenyeza mkono chini ya majani ya mgomba yaliyoifunika.

"Ina joto. Iacheni."

Akaongezea blanketi lake juu ya majani, yeye akabaki na baridi. Asubuhi povu lilikuwa limeyainua majani. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Bibi yako anayekukumbuka.