Shahamu Iliyoyeyuka Kwenye Bastola ya Orrin

Kambini, kando ya mto White,
Arkansas.
19 Agosti 1863

Mpendwa Shangazi Lovina,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mgongo unaendeleaje? Umepata wa kukusaidia kukamua ng'ombe? Mimi homa imeniachia, nakula kidogo.

Najua unapita mistari hii haraka ukitafuta jina la mwanao. Orrin alikuwa hai nilipomwona mara ya mwisho. Waasi wa Kusini wamemchukua.

Shangazi, bastola zetu ukishazijaza baruti na risasi, huna budi kuziba matundu ya silinda, zinamokaa risasi, kwa mafuta. Usipoziba, ukifyatua risasi moja moto unarukia nyingine, zote zinakulipukia mkononi. Huwa tunachanganya shahamu ya ng'ombe na nta, ili jua lisiiyeyushe. Nta ikaisha. Tukabaki na shahamu tupu ya jikoni.

Mpishi wetu, mzee Pruitt, alitutania, “Risasi zenu zinakula vizuri kuliko nyinyi!”

Orrin akamjibu, “Nazo hazikunung'unikii, Mzee.”

Lakini joto lilipozidi, mafuta yakawa yanamchuruzikia pajani. Akamwendea sajini. “Afande, hii inaingia kwenye baruti.”

“Sasa mimi nifanyeje, Orrin? Nikuzalie nyuki?”

Hakusema kwa ubaya. Naye hakuwa na nta.

Jumatatu tulikuwa tunavuka kijito, Orrin ametangulia. Waasi wakatoka vichakani. Bunduki tulikwisha kuzifyatua, tukachomoa bastola. Ya Orrin ikalia fataki tu, ta! Baruti haikushika moto. Akajaribu tena, na tena. Mimi nilikuwa bado katikati ya kijito, maji yakimfika farasi wangu tumboni, na yangu ikawa hivyo hivyo. Wakamshusha kwa ukosi wa koti. Mmoja alicheka: “Basi, kijana, umejitahidi.” Orrin akageuka kunitazama. Nami bado nilikuwa navuta kifyatulio, ta, ta, kama mwendawazimu.

Nilimwomba kapteni tuwafuate. Akaniuliza, “Kwa silaha gani, Ansel?” Wanakopelekwa mateka hakuna anayejua.

Nta imeletwa jana, sanduku zima.

Nisalimie Almira, na babu Jothamu umwambie polepole. Mungu amfunike Orrin popote alipolala, na wewe akupe usingizi.

Farasi wake alirudi peke yake. Nimemvua tandiko, nimemlisha, nimemsugua. Amesimama hapa ninapoandika, na sijui nimfanyie nini tena.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda daima,
Ansel Tuttle